Sungura Aliyegoma Kula Hangoji Asubuhi

Katika nyanda hizi za kati za Tanzania tumezoea kuanza mazungumzo ya mifugo na ng'ombe, na tuna haki ya kufanya hivyo. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905, na ndiko alikotoka ng'ombe anayeitwa kwa jina la mji huo. Mbuzi, kondoo na punda wana watu wanaowajua, na kuku ana duka lake la dawa karibu katika kila mtaa. Sungura hana mtu. Pita mitaa ya Dodoma kama Kisasa, Ilazo, Nkuhungu au Chang'ombe, utamkuta nyuma ya nyumba katika kizimba cha mbao na wavu, mali ya mtoto wa darasa la nne au ya mstaafu anayependa kumtazama jioni. Lakini siku anapoyapa majani kisogo, nyumba nzima hubaki ikiulizana. Wengi huamua kungoja. Akiona njaa atakula, husema. Kunapokucha anakutwa amejikunyata pembeni, mwili umepoa, na mara nyingi hapo hakuna la kufanya tena.

Hoja yangu ni moja, nami nitaitetea hadi mwisho. Sungura aliyegoma kula yuko katika dharura inayohesabiwa kwa saa. Dharura hiyo, mara nyingi kuliko tunavyokiri, huandaliwa wiki nyingi kabla, na chakula laini tunachompa kwa mapenzi. Na kinga yake kubwa ni kitu ambacho wilaya za Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Chamwino zinacho tele na tunakipita njiani bila kukijali, yaani nyasi zilizokauka. Najua kauli hii ina wapinzani, tena wenye sababu zao. Nitawajibu kadiri tunavyokwenda.

Tuanze na mwili wenyewe, maana asiyeuelewa ataona ushauri wote huu ni woga wa bure. Ng'ombe na mbuzi hucheua. Chakula chao hurudi mdomoni kikatafunwa upya. Mbwa akila kibaya hutapika. Sungura hawezi kucheua wala kutapika. Kilichoingia kinywani mwake kina mlango mmoja tu wa kutokea, naye yuko kama reli yetu ya kati ya zamani: treni moja ikikwama Gulwe, zote zilizo nyuma yake zinasimama. Tena tumbo lake halikuumbwa kukaa tupu. Anapokuwa mzima hula kidogokidogo mchana na usiku, zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri, na kila tonge jipya lenye nyuzinyuzi ndefu ndilo linaloamsha matumbo na kusukuma lililotangulia. Tonge lisipoingia, msukumo unafifia.

Humo ndani kuna kazi ya kustaajabisha. Utumbo wa sungura huchambua chakula. Vipande vikubwa vya nyuzinyuzi hupitishwa haraka na kutoka kama kile kinyesi kikavu cha mviringo tunachokifagia kila siku, mamia ya vidonge kwa siku moja. Chembe ndogo hurudishwa nyuma katika mfuko mpana ulio kati ya utumbo mwembamba na utumbo mpana, ambamo bakteria huzichachusha. Matunda ya uchachushaji huo hutoka kama kinyesi cha aina ya pili, laini, kilichoshikana na kufunikwa ute, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka matakoni. Wapo wanaoona tendo hilo wakadhani mnyama ana wazimu au minyoo. Hapana, ndivyo anavyojipatia protini na vitamini ambazo bakteria wake wamemtengenezea. Kwa hiyo tunapomlisha sungura tunawalisha pia hao bakteria. Tukibadili chakula ghafla au tukiondoa nyuzinyuzi, wao ndio wanaovurugika kwanza, na sisi hatuoni kitu mpaka siku mbili tatu baadaye.

Zingatieni mfuatano wa mambo. Nyuzinyuzi zikipungua, mwendo wa matumbo unalegea. Chakula kilichomo kinakaa muda mrefu, maji yake yananyonywa, kinakuwa kigumu. Bakteria wabaya wanapata nafasi na gesi inaanza kujaa. Gesi inatanua utumbo, na huko kutanuka kunauma sana. Mnyama anayeumwa tumbo hali, na asipokula matumbo yanazidi kulala. Wakati huohuo mwili usiopata chakula unaanza kuyeyusha mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini, na ini la sungura huelemewa upesi, hasa la yule mnene au mwenye mimba. Ndiyo sababu madaktari wanaowahudumia wanyama hawa huhesabu saa 12 bila kula kuwa dharura, na wengi hutaka mnyama aletwe hata kabla ya hapo. Zamani watu waliamini kwamba kinachowaua ni donge la manyoya tumboni. Manyoya humo huwapo siku zote, kwa sababu sungura hujilamba kama paka. Yanageuka donge pale tu matumbo yanapokuwa yamekwisha kusimama.

Kuna pia meno. Sungura ana meno 28, na yote huota maisha yake yote. Yale ya mbele hurefuka milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusagana yenyewe kwa yenyewe anapotafuna nyasi, taya zikienda huku na huku kwa saa nyingi. Mchicha hautafunwi hivyo, wala pumba. Sungura aliyelelewa kwa vyakula laini hupata meno ya nyuma yenye ncha zinazochoma ulimi au shavu, na siku moja anakisogelea chakula, anakinusa, hata anakitia mdomoni, kisha anakiachia. Mwenye nyumba anadhani amechoka na aina ile ya majani. Kumbe anataka kula na hawezi.

Sasa nihamie kwenye nchi yetu. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ardhi ni kavu. Kwa mfugaji wa mjini mgawanyo huo unaleta hatari mara mbili. Ya kwanza ni Desemba na Januari, majani mateke yanapochipuka na watoto kurudi nayo mikono imejaa. Mnyama aliyekuwa akila vitu vikavu anajazwa kwa siku moja majani yenye maji mengi, na tumbo linavurugika. Ya pili ni kiangazi, ambapo majani ya porini yameisha, na familia inageukia masazo ya soko la Majengo au Sabasaba: kabichi ya nje, matembele, mchicha ulionyauka, na zaidi ya vyote pumba za mahindi, kwa sababu zipo na bei yake inavumilika. Pumba zina wanga mwingi na nyuzi zake ni fupi mno. Sungura huzipenda kama mtoto apendavyo peremende, na mtu akimwona anavyozishambulia huamini amemtendea mema.

Katika pumba kuna jambo jingine ambalo watu wa mkoa huu hatuna ruhusa ya kulisahau. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu inayoota kwenye nafaka iliyovunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, na sehemu kubwa hubaki katika ganda la nje la punje, ambalo ndilo linalokuwa pumba. Tulijifunza kuchambua mahindi ya ugali, lakini yale tuliyoyatenga kuwa mabaya yakaenda kwa mifugo. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana na sumukuvu. Dalili yake ya awali ni hiyohiyo tunayoizungumzia: anapunguza kula, kisha anaacha kabisa, huku ini likiharibika kimyakimya. Punje ambayo mama hakuthubutu kuisaga kwa ajili ya wanawe haifai kumpa mnyama wa wanawe.

Joto nalo lina sehemu yake. Yule sungura wa porini anayetimka mbele ya wachungaji kule Bahi ni kiumbe mwingine. Huzaliwa akiwa na manyoya, macho wazi, na makazi yake ni juu ya ardhi. Huyu wa kizimbani asili yake ni Hispania na Ureno, ambako mababu zake walichimba mashimo marefu na kushinda humo jua lilipokuwa kali. Hatoki jasho, joto lake hulitoa zaidi kwa masikio. Hali ya hewa inayomfaa ni nyuzi joto 15 hadi 21 hivi, na ikivuka 28 huanza kutaabika. Oktoba na Novemba mchana wetu hufika nyuzi 30 na kidogo zaidi, na hiyo ni chini ya mti. Chini ya bati lisilo na dari, saa nane mchana, joto ni kali kuliko hilo. Tumemtoa mnyama wa shimoni tukampa paa la bati. Mwili uliochemka hautaki chakula, kwa sababu kusaga chakula nako huzalisha joto.

Na maji. Imeenea imani kwamba sungura hanywi maji, na wengine husema akinywa hufa. Imani hii haikuzuka hewani. Anayekula majani mabichi tu hupata maji mengi humo, na kizimba kilicholowa kwa sababu ya kopo linalopinduka huleta vimelea vya koksidia na kuhara. Watu waliona vifo wakayalaumu maji, kumbe tatizo lilikuwa unyevu wa sakafu. Sungura anahitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na zaidi kunapokuwa na joto au anapokula nyasi kavu. Bila maji, kilichomo tumboni hukauka, na tumekwisha kuona mwisho wake. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 765,000 katika sensa ya 2022, na mgao wa maji tunaujua. Siku za mgao ndoo ya familia hutangulia, na ndivyo inavyopasa. Lakini mnyama wa kilo mbili hunywa kikombe kimoja. Kikombe hicho hakimwangushi mtu.

Hapa napokea pingamizi la kwanza na zito zaidi. Nyasi kavu, wataniambia, hazina lishe; ndizo zinazokondesha ng'ombe wetu kila kiangazi, iweje zimfae mnyama mdogo anayehitaji kunenepa? Najibu kwa hatua mbili. Kwanza, majani yaliyokaukia porini hadi Oktoba, yakapigwa na jua miezi mitano, kweli yamebaki makapi. Hei ni kitu kingine: ni nyasi zilizokatwa Machi au Aprili zikiwa bado na rangi ya kijani, zikaanikwa siku mbili tatu, zikageuzwa, zikahifadhiwa penye kivuli. Harufu yake huwa nzuri na rangi haijapotea yote. Pili, sungura wa kufugwa kwa mapenzi hana haja ya kunenepa. Sungura mzima asiyenyonyesha anapaswa kupata nyasi kwa zaidi ya robo tatu ya chakula chake, zipo mbele yake saa zote, na juu yake majani mabichi kiasi na punje chache sana. Unene ndio unaomwandaa kufa kwa ini siku atakapogoma kula.

Ushahidi kwamba nchi hii inaweza kumlisha upo Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walimwaga fedha nyingi pale katika mradi wa karanga, wakaleta matrekta, wakang'oa miti, na Januari 1951 wakatangaza kuuacha. Mvua haikutosha, na udongo wenye mfinyanzi uligeuka mgumu kama saruji kila kiangazi. Ardhi hiyohiyo iliyozikataa karanga ikakubali nyasi. Ranchi ya Kongwa iko hapo hadi leo, na nyasi aina ya senkrasi zinazovumilia ukame hukatwa na kufungwa marobota. Watafiti wa Mpwapwa wamezishughulikia nyasi hizo kwa miongo mingi, ingawa lengo lao lilikuwa ng'ombe na mbuzi. Robota moja linalomshibisha ng'ombe kwa siku chache humtosha sungura mmoja kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo tatizo letu si uhaba. Hakuna anayefungua robota na kuliuza kwa mafungu katika maduka ya pembejeo mjini, kwa sababu hakuna anayeyaulizia, na hakuna anayeyaulizia kwa sababu hakuna aliyemwambia mnunuzi kwamba yanahitajika.

Lakini niongee na yule ambaye kinga imekwisha kumpita, ambaye jioni hii sungura wake hajagusa kitu. La kwanza ni kujiridhisha kwamba amegoma kweli. Sungura kupumzika mchana bila kula sana ni jambo la kawaida, na halipaswi kumtisha mtu. Kipimo ni asubuhi: tazama chakula cha usiku kilivyopungua, kisha tazama sakafu. Kinyesi kilichopungua, kilichokuwa kidogo na kigumu, au kutokuwapo kabisa, ni habari ya kuaminika kuliko sura ya mnyama, kwa maana sungura ni mawindo na maumbile yake ni kuficha maumivu. Mwenye maumivu hukaa amejikunja, macho nusu, akisaga meno kwa sauti unayoweza kuisikia, au hulaza tumbo sakafuni na kuinuka tena na tena. Pima joto lake kwa kipimajoto cha kawaida kilichopakwa mafuta. La kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40. Chini ya 38 ni dalili mbaya, na hapo apewe chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kwa khanga kabla ya jambo jingine lolote. Akiwa na joto la kupita kiasi, ahamishiwe penye ubaridi na masikio yalowanishwe kwa maji ya kawaida, si ya barafu.

Kisha papasa tumbo kwa upole. Likiwa limevimba na kukaza kama ngoma, na mnyama ameishiwa nguvu ghafla, usimlishe chochote kwa nguvu. Inawezekana njia imeziba, na kila unachoongeza kinaongeza shinikizo. Huyo ni wa daktari saa hiyohiyo. Likiwa laini, au gumu kidogo lakini halijavimba, kuna kazi unayoweza kuanza huku ukimtafuta daktari. Mpe maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone, ameketi kama kawaida; ukimlaza chali yataingia mapafuni. Mwekee nyasi bora ulizonazo na majani yenye harufu, kama giligilani au majani ya karoti. Mwache na mwenzake kama anaye, maana kumtenga humwongezea hofu. Asipoanza mwenyewe, twanga hei iwe unga, chekecha, changanya na maji ya uvuguvugu hadi ipite katika bomba, umpe mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, mara nne au tano kwa siku. Uji wa unga wa mahindi haufai hapa, wala maziwa, wala sukari: vyote vinawalisha bakteria wanaotengeneza gesi. Daktari atakuwa na dawa ya maumivu na dawa ya kuamsha matumbo, na hiyo ya maumivu si anasa. Maumivu ndiyo yanayoendesha mzunguko wote nilioueleza.

Lipo kosa moja ambalo ningependa litoke katika mkoa huu hata kama mengine yote niliyosema yatasahauliwa. Ni kukimbilia antibiotiki. Amoksilini na ampisilini tunazomeza sisi, na dawa za jamii ya linkomaisini, zikipitia mdomoni mwa sungura huwaua bakteria wema wa ule mfuko wa utumbo na kuwaachia uwanja wale wanaotoa sumu. Mnyama anaharisha na kufa, naye aliyempa hubaki akiamini ugonjwa ulikuwa mkali kuliko dawa. Unga wa dawa ya kuku unaochanganywa na maji nao hutolewa kwa kubahatisha, bila kujulikana kilichomo. Sisemi kwamba sungura hatibiwi kwa antibiotiki. Zipo zinazomfaa, na dawa za salfa hutumika kutibu koksidia. Nasema kwamba uchaguzi huo ni wa daktari, na kwamba sungura asiyekula kwa kawaida tatizo lake la kwanza si bakteria wa nje.

Pingamizi la pili ni la pesa, nami siwezi kulipuuza mbele ya watu wanaohesabu nauli. Kumwona daktari hugharimu kuliko bei ya sungura mpya sokoni. Ni kweli. Lakini angalieni ni nini katika yote niliyoyaeleza kinachohitaji fedha. Nyasi, maji, kivuli, macho ya asubuhi, bomba la sindano: jumla yake haifiki gharama ya pumba zinazonunuliwa mwaka mzima. Hesabu ya bei humfaa anayefuga kwa ajili ya nyama, na hata yeye hupata hasara jike mwenye mimba akifa na vitoto vyake. Kwa mtoto aliyempa mnyama jina, hakuna sungura mpya atakayekuwa yuleyule. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso yasiyo ya lazima. Haikuweka kiwango cha bei ambacho chini yake mateso yanaruhusiwa.

Wa tatu atasema amewaona wengi wakigoma kula siku moja na kesho yake wakapona wenyewe. Sibishi, wapo. Kulegea kidogo kwa matumbo hupita, hasa kwa mnyama aliyezoea nyasi. Ila waliopona ndio wanaosimuliwa. Waliokufa usiku huandikwa katika kumbukumbu za nyumba kwamba walikufa ghafla, bila kugoma kula kukumbukwa hata kidogo. Na yapo maradhi ambayo kweli hakuna uji wa hei utakaoyazuia. Homa ya virusi inayotoa damu ndani kwa ndani, iliyojulikana kwanza nchini China mwaka 1984, iliingia Nigeria mwaka 2020 na kuua sungura wengi. Vifo vya wanyama kadhaa kwa siku chache, wengine damu puani, vitolewe taarifa kwa afisa mifugo bila kuchelewa, na mizoga isitupwe jalalani. Kuwapo kwa ugonjwa usiotibika hakutufungui mikono kuuacha ule unaotibika.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapahapa jijini. Chuo Kikuu cha Sokoine kinachofundisha madaktari wa wanyama kiko Morogoro, mwendo wa saa chache, na Mpwapwa kuna chuo kinachowafundisha maafisa mifugo wanaokuja kufanya kazi katika kata zetu. Ombi langu kwao ni kwamba kila anayehitimu aweze kufungua mdomo wa sungura na kuyatazama meno ya nyuma, na ajue kwa moyo dawa zisizopita katika kinywa hicho. Kwa wenye maduka ya pembejeo ombi ni dogo zaidi: wekeni hei kwa mafungu kando ya magunia ya pumba, hata mafungu kumi kwa majaribio. Nanyi wazazi, msiwanunulie watoto sungura kabla hamjajua nyasi zitatoka wapi mwezi wa Oktoba. Walio nao tayari wamkabidhi mtoto kazi ya kutazama sakafu ya kizimba kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na siku atakaporudi kusema hakuna kinyesi, mwaminini na muanze kushughulika saa ileile.